Kuuandika Ukoo Kutoka Seme hadi Kaimosi: Tathmini ya FamilySearch kwa Anayeanza

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikitumia FamilySearch, huduma ya mtandaoni ya kutafuta na kuhifadhi nasaba isiyotoza ada, nikiwa hapa Kisumu, kwa nia ya kuuandika ukoo wa baba yangu, ambao ni wa Seme, na ule wa mama yangu, ambao ni wa upande wa Kaimosi. Tathmini hii naiandika kwa ajili ya mtu aliye mahali nilipokuwa mwezi wa kwanza: analijua jina la babu yake, pengine na la baba wa babu, ana picha mbili tatu zilizofifia ndani ya bahasha, na hajui pa kuanzia. Maoni yangu nayatoa mapema. Kama ghala la kuhifadhia ukoo, huduma hii ni bora kuliko nyingine yoyote niliyoijaribu. Kama mahali pa kuwatafutia wazee wetu wa magharibi mwa Kenya, inasaidia kidogo. Na manufaa yake yote kwetu hutegemea kazi ambayo mtu ameifanya nyumbani, kwa mdomo na sikio, kabla hajaigusa kompyuta.

Huduma yenyewe inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lenye makao yake makuu Salt Lake City nchini Marekani. Ilitokana na chama cha nasaba kilichoanzishwa Utah mwaka 1894, ambacho kilianza kuzipiga nyaraka picha za filamu ndogo mwaka 1938, na tovuti ikafunguliwa mwaka 1999. Si lazima uwe muumini wa kanisa hilo ili uitumie, wala huombwi namba ya kadi ya benki. Hata hivyo, kuna jambo ambalo kila familia inapaswa kulijua mapema: waumini wa kanisa hilo hutafuta nasaba kwa sababu wanaamini kwamba ibada fulani, ukiwemo ubatizo, zinaweza kufanywa hekaluni kwa niaba ya jamaa zao waliokufa. Familia nyingine hazitaona neno, na nyingine zitataka jambo hilo lizungumzwe. Sisi tulilizungumza na baba zangu wadogo Jumapili moja baada ya chakula, tukakubaliana kuendelea.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejiandikisha katika tovuti nyingine ya kulipia, ambayo hutoa siku chache za majaribio na kisha hukata fedha bila kukukumbusha. Rekodi nilizoonyeshwa humo zilikuwa za parokia za Uingereza na za abiria wa meli zilizokwenda Marekani. Nilijifunza kwamba wingi wa rekodi unaotangazwa na huduma hizi hauna maana kwa mtu ambaye wazee wake hawakuwahi kuandikwa katika vitabu hivyo.

Nilichofanya sawasawa, nacho nilikifanya kwa ushauri wa waya, dada mkubwa wa baba yangu, ni kupanda matatu hadi Kombewa na kuketi na dani, yaani nyanya yangu, mama wa baba, kabla sijafungua akaunti. Waya alinionya nisiende na fomu. Dani ana umri unaozidi miaka tisini, na mtu wa umri huo ukimuuliza tarehe atakujibu kwamba hajui, kisha atanyamaza. Lakini ukimuuliza ni nani aliyekuwa akimbeba mgongoni, au ni nani aliyekuwa jirani yao upande wa kisima, atakupa watu sita kwa pumzi moja, na kila mmoja pamoja na mama yake. Nilikwenda mara nne, asubuhi baada ya uji, nusu saa kila mara, simu ikiwa mezani inarekodi kwa ruhusa yake. Mara ya tatu tulitembea polepole hadi kwenye gunda, mahali palipokuwa boma la zamani la ukoo, ambapo kilichobaki ni uzio wa mimea iitwayo ojuok na ardhi iliyoinuka hapa na pale. Makaburi yenye saruji yana majina na miaka. Yasiyo na saruji aliyataja yeye, akiyaonyesha kwa fimbo, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikiandika. Siku hiyo peke yake ilinipa majina kumi na manne ambayo hayamo katika karatasi yoyote duniani.

Ni baada ya hapo ndipo nilipofungua akaunti, na kuanzia hapo naweza kuihukumu huduma kwa haki.

Jambo la kwanza ninalolisifu ni namna inavyopokea makisio. Dani anachojua kuhusu kuzaliwa kwake ni alichosimuliwa na mama yake: kwamba alikuwa bado hajatambaa nzige walipolifunika shamba, na kwamba kabla hajaanza kutembea wanaume wa kijiji walikuwa wamekwenda Kakamega kutafuta dhahabu. Nzige hao na dhahabu hiyo vinaangukia mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwa hiyo niliandika takriban 1931, na programu ikaupokea mwaka huo kama makisio bila kunilazimisha kubuni siku na mwezi. Kila familia ya huku ina alama kama hizi. Wazee wa Nakuru hulikumbuka kwa simulizi tetemeko la Subukia la Januari 1928. Watu wa kando ya ziwa huhesabu kwa mafuriko ya 1961 na 1962. Na rafiki yangu wa Bungoma ana bahati kubwa kuliko sisi sote, kwa kuwa Wabukusu hutahiri vijana wao katika miaka inayogawika kwa mbili, na marika yao yana majina yanayofuatana kwa mpangilio unaojulikana, hivi kwamba mzee akitaja rika lake amekwisha kukupa makisio ya umri wake. Ushauri wangu ni kuandika pia, katika sehemu ya maelezo, kisa kilichokufikisha kwenye mwaka huo, kwa sababu mwaka bila kisa hauwezi kusahihishwa na mtu mwingine.

Majina ni mtihani mkubwa zaidi. Visanduku vya tovuti vinataka jina la mtu na jina la familia, kana kwamba jina la familia ni kitu kilichorithiwa tangu kale. Kwa Wajaluo mtoto hupewa jina la wakati au hali ya kuzaliwa kwake: Omondi wa alfajiri, Ochieng wa jua kali, Odhiambo wa jioni, Otieno wa usiku, Okoth wa mvua, Opiyo na Odongo wakiwa pacha, na Okello akiwafuata. Zamani mtu alitambulishwa kwa jina la baba yake, kisha ukaja ubatizo na kuongeza jina la tatu. Ukiandika Otieno katika sehemu ya kutafutia unaletewa Otieno wa kila pembe, na hakuna njia ya kuwatenganisha isipokuwa kwa majina ya wazazi, ya wake na ya mahali. Nilijiwekea kanuni moja na kuifuata tangu mwanzo hadi mwisho: jina la baba huenda kwenye kisanduku cha jina la familia, na jina la utani au la sifa huenda kwenye majina mengine. Huduma ina nafasi ya majina mengine, na ina nafasi ya kuandika ukoo na kabila pia, jambo ambalo sikulitarajia. Anayeanza achague kanuni yake siku ya kwanza, maana kubadilisha watu mia moja baadaye ni kazi ya kuchosha.

Sasa nije kwenye suala ambalo kwangu ndilo kipimo halisi cha chombo chochote cha nasaba kinachotaka kutumiwa Nyanza, nalo ni nyumba. Baba wa kwaro wangu, yaani baba wa babu yangu, alikuwa na wake watatu. Boma la Mjaluo lina mpangilio: mikayi, mke wa kwanza, kisha nyachira, kisha reru, na mtoto hujulikana kwa nyumba ya mama yake katika urithi, katika maziko na hata katika ugomvi. FamilySearch inakuruhusu kumwandikia mtu wenzi zaidi ya mmoja na kuwaweka watoto chini ya kila ndoa, na hilo ni jema sana, kwa sababu nilikwisha kuona programu za simu zinazomtambua mke mmoja tu na kumsukuma mwingine kana kwamba ni mgeni. Lakini haina kisanduku cha kusema kwamba huyu ni mikayi na yule ni reru. Nililitatua hilo kwa kutumia sehemu inayokuruhusu kujiundia taarifa yako mwenyewe, nikaandika cheo cha kila mke kwa neno la Kijaluo. Linasomeka vizuri.

Gumu zaidi ni watoto wa ter. Mume akifa, mjane huweza kukaa na ndugu wa marehemu, na watoto wanaozaliwa baadaye huhesabiwa kuwa wa marehemu, wakibeba jina lake na kurithi ardhi yake. Katika ukoo wetu wako wawili. Mtu anayeandika mti kwa mtazamo wa damu peke yake atawaondoa katika nyumba yao, na anayeandika kwa mtazamo wa mila peke yake ataficha jambo ambalo huenda mjukuu akalihitaji, hasa kwa sababu za afya. Hapa huduma imefikiriwa vizuri: mtoto mmoja anaweza kuunganishwa na zaidi ya jozi moja ya wazazi, na kila uhusiano ukaelezwa kama ni wa kuzaa, wa kuasili, wa kambo au wa ulezi. Hakuna neno la ter katika orodha hiyo, wala ulezi si maana yake, lakini nafasi ya kueleza ipo. Hata hivyo sikuandika chochote kuhusu hao wawili mpaka nilipowauliza watoto wao. Mmoja alikubali. Mwingine aliomba iandikwe vile tu mila inavyosema, na ndivyo ilivyoandikwa.

Uangalifu huo unahusiana na tabia moja ya huduma hii ambayo anayeanza lazima aielewe. Mti ni mmoja kwa dunia nzima. Hupewi shamba lako lenye ua. Unaongeza tawi katika mti ambao kila mwenye akaunti anaweza kuuona na kuuhariri, kwa upande wa watu waliokufa. Walio hai, kwa kawaida, huonekana kwako peke yako. Mtu huhesabiwa kuwa hai mpaka useme amekufa au mpaka iwe imepita miaka 110 tangu kuzaliwa kwake, kwa hiyo ukibonyeza vibaya na kumtangaza shangazi aliye hai kuwa marehemu, maelezo yake yanafunguka kwa wote. Kila mtu katika mti ana namba yake ya utambulisho. Kila badiliko huandikwa pamoja na aliyelifanya na sababu aliyoitoa, na linaweza kurudishwa lilivyokuwa. Unaweza pia kumfuatilia mtu, ili upate taarifa wakati wowote maelezo yake yanapoguswa. Mpango huu una faida: binamu aliye Mombasa au ng'ambo anaweza kuongeza anachokijua bila kukusubiri. Anayetaka siri kamili asiitumie. Atumie daftari, au programu inayokaa katika kompyuta yake mwenyewe.

Kinachonifanya niipende ni sauti. Kuna sehemu ya kumbukumbu ambamo unaweza kupakia picha, nyaraka, hadithi na rekodi za sauti, na kuzifungamanisha na watu wanaotajwa. Vipande vya dani nilivikata vikawa vifupi, kila kimoja na kisa chake, nikavipandisha. Sasa ukifungua ukurasa wa baba wa kwaro unamsikia mkwe wake akieleza jinsi alivyotembea, jinsi alivyopenda samaki wa kuchoma, na jinsi alivyorudi kutoka vita vya 1914 hadi 1918 alikokwenda kuwa mpagazi, kazi ambayo dani anaiita kwa neno ambalo Waswahili wamelifanya Kariakoo. Alikwenda na mdogo wake. Mdogo wake hakurudi. Wengi wa wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika vita vile hawakuandikwa majina. Tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri jambo hilo katika ripoti yake ya Aprili 2021. Jina la kijana yule, ambalo ni moja tu, bila tarehe na bila kaburi, sasa limeandikwa katika ukurasa wake mwenyewe, na chini yake kuna sauti ya mwanamke wa ukoo wake ikilitamka. Siku nilipomaliza ukurasa huo sikuendelea na kazi nyingine.

Kwa upande wa kutafuta, mtu apunguze matumaini. Huduma hii imekusanya nasaba za mdomo kutoka kwa wazee katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Ghana na Nigeria, na ni kazi ya kuheshimiwa, lakini kwa mtu wa huku vyanzo vingi bado viko katika makabati ya hapa hapa. Usajili wa lazima wa vizazi na vifo ulienezwa polepole na kufika nchi nzima mwaka 1971, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa cha babu usikitegemee. Vitambulisho vya taifa navyo havikuwa vya wanawake hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Kinachosaidia ni vitabu vya makanisa. Wamisionari wa Mill Hill walifika Kisumu mwaka 1903 na Mumias mwaka uliofuata. Waanglikana walianzisha Maseno mwaka 1906, mwaka ule ule Waadventista walipofika Gendia. Katika parokia moja ya Kikatoliki niliruhusiwa kusoma kitabu cha ubatizo mbele ya katekista, nikakuta kimeandikwa kwa Kilatini: namba, tarehe, jina, wazazi, msimamizi, na pembeni maelezo ya kipaimara na ndoa. Nenda na barua, nenda siku isiyo ya misa, na usiombe kupiga picha kabla ya kuzoeana.

Kwa upande wa mama nilikwama kwa sababu ambayo ningeijua mapema ningeokoa nauli. Marafiki, yaani kanisa la Quaker, waliofika Kaimosi mwaka 1902, hawabatizi kwa maji, kwa hiyo kitabu cha ubatizo hakipo kabisa. Kinachotafutwa ni orodha za washiriki na za ndoa za mikutano yao. Mtu asishangae pia akiikuta Kisumu chini ya Uganda katika nyaraka za kabla ya 1902, kwani hadi mwaka huo eneo hili lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, wala akikuta wilaya zetu zimeitwa Kavirondo. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, ambayo makao yake yako Moi Avenue jijini Nairobi, ina vituo vya kumbukumbu Kisumu, Nakuru na Kakamega. Huko ripoti za wilaya hutaja machifu zaidi kuliko raia wa kawaida, lakini zitakueleza njaa, barabara na mipaka. Hazina iliyo karibu zaidi mara nyingi ni sanduku la bati chumbani. Katika letu kulikuwa na kipande cha baba wa kwaro, karatasi ambayo wanaume Waafrika walilazimishwa kuibeba katika kikopo cha chuma shingoni, yenye alama za vidole, majina ya waajiri na mishahara. Kutokana nayo nilijua kwamba alifanya kazi katika shamba la mlowezi Njoro, jambo ambalo hata dani hakuwa analijua. Nimeipiga picha, nikaiweka katika ukurasa wake kama chanzo.

Programu ya simu inatosha kwa kupiga picha na kurekodi, ila kazi ya kuunganisha watu na kuondoa waliorudiwa mara mbili inahitaji kioo kikubwa, na mimi huifanya katika saiba, duka la intaneti, moja ya Kondele, saa moja au mbili kwa wiki. Gharama yangu yote ni bando, saiba na nauli.

Ninaipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano ninaizuia kwa sababu mtu wa Seme bado analazimika kuyatafsiri maisha ya ukoo wake ili yaenee katika visanduku vyake.

Mwezi uliopita nilichapisha mchoro wa umbo la upepeo ambao huduma huuchora yenyewe, kwa karatasi kubwa, nikampelekea dani. Macho yake hayasomi tena, kwa hiyo nilimsomea nyumba moja baada ya nyingine, naye akiitikia kwa kichwa. Nilipofika kwa mama wa kwaro akaniwekea mkono juu ya karatasi. "La, nyakwara. Huyo si nyachira. Huyo ni reru. Nyachira alikuwa dada yake mkubwa." Nikatoa simu nikasahihisha pale pale. Programu iliponiuliza sababu ya badiliko, nikaandika: amesema dani, akiwa ameketi mlangoni pake Kombewa.